Jumamosi Mbili za Matroni

Kanuni ilikuwa moja, na tangu mganga mkuu hadi mpishi wa uji hapakuwa na mtu katika hospitali ile ndogo ya misheni, juu kidogo ya Usenge, aliyeweza kudai kwamba haijui. Atakayekutwa amelala zamuni, Jumamosi itakayofuata atayabeba mashuka ya wodi zote mbili hadi ziwani na kuyafua kwa mikono yake, mchana kweupe, pasipo msaidizi. Atakayekutwa mara ya tatu, barua itakwenda kwa Halmashauri ya hospitali, nayo itamwachisha kazi.

Matroni Beldina Awuor hakuitunga kanuni hiyo. Aliirithi kutoka kwa masista waliomfundisha uuguzi. Mwaka wa 1989 ulimkuta na umri wa miaka hamsini na miwili, na kwa miaka ishirini na mmoja kati ya hiyo alikuwa ameishika kanuni bila kuipunguza wala kuiongeza. Alikuwa amewafulisha wauguzi, wafagiaji, na safari moja dereva wa misheni, ambaye alijitetea kwamba gari likiwa limezimwa dereva hana zamu. Wala haikuwa kanuni ya ukatili. Mgonjwa hulala kwa sababu muuguzi yu macho. Wote wawili wakilala, hospitali imegeuka bweni. Hivyo ndivyo Matroni alivyowaambia wanafunzi kila Januari.

Mtu mmoja tu ndiye aliyefaidika na adhabu hiyo, naye ni Mzee Shitanda, mfuaji wa hospitali, aliyetoka upande wa Kakamega akiwa kijana na kuzeekea kwenye karo la sabuni. Jumamosi ya adhabu kwake ilikuwa sikukuu. Aliteremka ufukweni na chupa yake ya chai, akaketi juu ya jiwe, akawa mwalimu.

"Wao wakilala," alipenda kusema, "ndipo mimi napumzika."

Mwaka huo aliyempumzisha Shitanda alikuwa Absalom Oduor, muuguzi wa wodi ya wanaume. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na minane, mnene wa shingo, mpole wa maneno, na mwenye mkono ulioweza kuupata mshipa wa mtoto pale ambapo wenzake walikuwa wamechoma mara tatu wakakosa. Mwezi wa Aprili alikutwa akisinzia juu ya kadi za chanjo, kalamu ingali mkononi. Mwezi wa Mei alikutwa amelala amesimama, bega limeegemea kabati la dawa, saa nane za mchana. Mara zote mbili alifua bila kunung'unika.

Sababu ilijulikana, au watu walidhani inajulikana. Ndugu yake Ochieng alikuwa na mashua ya omena, na mkewe Amolo alianika omena ufukweni. Samaki hao wadogo huvuliwa gizani: mwezi usipokuwapo, wavuvi huwasha karabai juu ya maji, na omena huufuata mwanga hadi wavuni. Mwezi ukiwa mpevu karabai haina kazi. Mashua hupumzika mchangani na wanaume hushona nyavu. Matroni alizaliwa katika ufuko huo, na mambo hayo hakufundishwa na mtu. Aliitazama kalenda ya misheni iliyotundikwa ofisini, akahesabu nyuma. Siku ile ya Aprili: giza la mwezi. Siku ile ya Mei: giza la mwezi. Hakuona haja ya shahidi. Mtu huyu, alijiambia, ana kazi mbili. Moja anaifanya na nyingine anailalia.

Mwezi huo huo wa Mei ikaja bahasha ya kahawia kutoka Nairobi. Chama kimoja cha madaktari kilikuwa kimeanzisha mafunzo kwa njia ya posta juu ya maradhi ya usingizi, kwa ajili ya wahudumu wa afya wasioweza kuacha kazi zao ili waende darasani. Kijitabu kimoja kingekuja kila majuma mawili, maswali yakiwa nyuma. Majibu yangetumwa kwa mkufunzi, naye angeyasahihisha na kuyarudisha. Na mwezi wa Juni wanafunzi wangekutana Kisumu kwa siku moja. Dayosisi ilitaka mtu mmoja kutoka kila hospitali. Matroni aliisoma barua hiyo mara mbili, akajiandikisha mwenyewe, akiamini kwamba hatimaye kuna watu wenye elimu walioamua kupambana na usingizi.

Zoezi la kwanza lilikuwa fupi. *Eleza habari za mtu unayemfahamu ambaye hulala wakati asiotakiwa kulala. Toa sababu.* Matroni aliandika kurasa nne kwa mwandiko wake wa kulala upande wa kulia, ambao ulikuwa umempatia zawadi ya Biblia akiwa darasa la sita. Hakutaja jina. Sababu aliiandika katika sentensi moja: mtu huyu huvua omena usiku kwa ajili ya tamaa. Alipiga mstari chini ya neno tamaa, akapeleka bahasha posta.

Jumanne ya tarehe sita Juni, baada ya chakula cha mchana, Matroni aliingia wodi ya wanaume na viatu vyake vya raba visivyotoa sauti. Oduor alikuwa ameketi kando ya kitanda cha mzee mmoja mwenye nimonia, ameshika kifundo cha mkono wa mgonjwa kama anayehesabu mapigo. Kidevu chake kilikuwa kimeangukia kifuani. Mzee alikuwa macho kabisa, na alipomwona Matroni aliweka kidole mdomoni.

"Mwache, Sista," alinong'ona. "Ndio kwanza ameshikwa."

Matroni alisimama akaitazama saa iliyoning'inia kwenye kifua cha sare yake. Dakika tano zikapita. Oduor alikoroma, akanyamaza kimya kabisa, kisha akashtuka kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki kooni, akafumbua macho.

"Mapigo mangapi, Bwana Oduor?"

Oduor aliutazama mkono wa mzee kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Sabini na... Sista, nilikuwa nimefumba macho tu."

"Kwa dakika tano."

"Tano? Basi nimeendelea. Mwezi uliopita ulisema kumi na mbili."

Wagonjwa wawili walicheka. Matroni hakucheka, na tabasamu la Oduor nalo halikudumu, kwa maana mara hiyo alikumbuka hesabu.

"Hii ni ya tatu," alisema taratibu.

"Ni ya tatu."

"Sista, nina watoto wanne. Aoko anamaliza darasa la nane mwaka huu."

"Ungeyakumbuka hayo ulipokuwa mashuani."

"Mashua gani?"

"Halmashauri inakutana tarehe thelathini," Matroni alisema. "Barua yako itakuwa mezani."

Jioni ile ile aliiandika barua hiyo, akaiweka katika droo bila kuitia tarehe. Na kesho yake mfuko wa posta kutoka Bondo ukaleta zoezi lake la kwanza, limesahihishwa. Alama nne kwa ishirini.

Matroni aliketi. Tangu alipoanza kushika kalamu, hakuna mwalimu, Mwafrika wala Mzungu, aliyewahi kumpa alama nne. Chini ya sentensi yake juu ya tamaa palikuwa na wino mwekundu, na mwandiko mdogo ulionyooka: *Nani alimwona mashuani? Umetoa hukumu, hukutoa ushahidi. Tafadhali andika kumbukumbu za mtu huyu kwa siku kumi na nne: saa anayolala, saa anayoamka, anavyojisikia akiamka, kila anaposinzia. Kisha muulize anayelala naye chumba kimoja.* Sahihi ilikuwa ya Dkt. Nelima.

"Ushahidi," Matroni alisema peke yake ofisini. Basi ataletewa ushahidi hadi auombee mahali pa kuuweka. Alichukua karatasi kubwa, akaichora mistari kwa rula, siku kumi na nne kwa saa ishirini na nne, akamwita Oduor.

"Kila asubuhi kabla ya zamu utakuja hapa. Nitakuuliza maswali nawe utajibu kweli."

Oduor aliitazama karatasi ile. "Unakusanya ushahidi wa kunifukuza."

"Nakusanya ushahidi," Matroni alisema. "Kaa."

Mwanzoni aliandika kila jibu akilitanguliza neno *anasema*. Anasema alilala saa tatu usiku. Anasema aliamka saa kumi na mbili. Anasema aliamka na kichwa kinamuuma, na mdomo umekauka kama aliyekesha akihubiri. Lakini mchana hakuwa na haja ya neno hilo, kwa kuwa alijionea mwenyewe. Alisinzia saa nne, akisubiri maji yachemke. Alisinzia saa sita. Alisinzia saa nane na nusu huku akiongea, katikati ya neno, kisha akaamka na kulimalizia neno lile lile. Matroni aliweka alama katika visanduku vya karatasi ile kwa penseli, na hakumfulisha, kwa sababu Halmashauri ndiyo iliyobaki.

Siku zikaenda. Mwezi uliozaliwa mwembamba ukanenepa. Siku ya tisa Matroni alipokuwa akichora alama za mchana, mkono wake ulisita. Alilinganisha safu ya siku ya kwanza na safu ya siku ya tisa. Alama zilikuwa sawasawa, kama punje za mstari mmoja wa hindi. Akageuka akaitazama kalenda. Mwezi ulikuwa umebakiza siku tatu uwe mpevu.

Asubuhi iliyofuata aliteremka ufukweni na sare yake nyeupe, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya, na wanawake waliokuwa wakianika omena walinyoosha migongo kumtazama. Mashua zilikuwa zimelazwa mchangani, zimegeuzwa. Karabai zilikuwa zimetundikwa mitini pasipo mafuta. Ochieng alikuwa ameketi na wavu mapajani, uzi umeshikwa kwa vidole vya mguu.

"Mashua hazijatoka tangu lini, Ochieng?"

"Siku ya tano leo, Sista. Utavua nini na mwezi wote huu? Omena wanakuona hata rangi ya shati."

"Na ndugu yako hutoka nanyi siku gani?"

"Ndugu yangu yupi?"

"Absalom."

Ochieng aliuweka wavu chini ili apate kucheka vizuri. "Absalom? Sista, huyo tulimshusha mashuani mwaka wa themanini na nne. Tulimpa karabai ashike. Ashike tu, asivute hata kamba. Akasinzia nayo, ikaangukia wavu, wavu ukashika moto, tukaurukia kuuzima watu watano. Tangu siku hiyo nimemwambia, ukitaka kuutazama wavu wangu, utazame ukiwa nchi kavu, na usiukaribie."

"Mwaka wa themanini na nne," Matroni alirudia.

"Muulize mkewe. Huyo hapo."

Amolo alikuwa ameinama juu ya omena, akiwatandaza kwa ufagio wa matawi. Aliposikia jina la mumewe alisimama wima, akajifuta mikono kwenye leso.

"Sista, nimesikia habari za barua," alisema kabla hajaulizwa. "Mimi siwezi kukuomba uvunje kanuni. Lakini mtu huyo hulala na kuku, na huamka nao. Kama ana kazi nyingine, basi anaifanya kitandani."

"Analalaje?"

"Vibaya. Anakoroma hadi jirani hupiga ukuta. Kukoroma mimi nimekuzoea. Nisichokizoea ni akinyamaza."

"Ananyamaza namna gani?"

"Anakata pumzi. Kifua kinainuka, kinashuka, hewa haipiti. Kama injini ya boti iliyokwisha petroli. Kisha anashtuka, anavuta hewa kwa nguvu, anaanza tena kukoroma."

Matroni alikumbuka kitanda cha mzee wa nimonia. "Ananyamaza kwa muda gani?"

"Saa sina. Mimi huomba. Akinyamaza naanza Baba Yetu. Mara nyingi nafika *mkate wetu*, ndipo anapumua. Siku mbaya nafika *Amina* naye bado."

Matroni aliichukua saa ya kifuani, akaishika kiganjani. "Omba sasa, kama unavyoomba kitandani. Usikimbize."

Wanawake waliokuwa karibu waliacha kazi. Amolo alifumba macho, akaomba kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini. Alipofika kwenye mkate mkono wa saa ulikuwa umepita sekunde kumi na nne. Alipofika Amina, thelathini na moja.

"Usiku mmoja hutokea mara ngapi?"

"Nani anahesabu, Sista? Nikiamka mara kumi, mara kumi namkuta hivyo. Nikimsukuma akalala ubavu, afadhali. Akirudi chali, tunaanza sala upya."

"Kwa nini hukuja hospitalini ukasema?"

Amolo alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nije niseme mume wangu anakoroma? Ungenifukuza. Hata baba yake alikoroma hivyo hivyo. Akafa usingizini, asubuhi tukamkuta. Watu wote walisema amekufa vizuri."

Matroni alirudi hospitalini taratibu. Siku nne zilizobaki aliendelea kuchora alama zake, lakini neno *anasema* hakuliandika tena. Alituma kumbukumbu zote posta, na ndani yake akaandika kisa cha Ochieng na hesabu ya sala, neno kwa neno. Kabla jibu halijaja, kikaja kijitabu cha tatu. Alikifungua akiwa amesimama mlangoni pa ofisi, na katika ukurasa wa kumi na moja akamkuta Oduor: shingo nene, kukoroma, pumzi zinazokatika kwa sababu koo linajifunga usingizini, kichwa kuuma asubuhi, usingizi usioshibisha hata mtu akilala kwa saa kumi nzima, na kusinzia mchana kusikozuilika kwa aibu wala kwa adhabu. Kijitabu kilisema kwamba mtu wa namna hiyo huamshwa na mwili wake mara mamia kwa usiku mmoja asipate kujua, na kwamba asipotibiwa moyo wake huchoka kabla ya wakati.

Wala kwa adhabu. Aliisoma sentensi hiyo, akakifunga kijitabu, akakifungua tena.

Jumamosi ya tarehe ishirini na nne, gari la misheni liliwapeleka Kisumu, Matroni mbele na Oduor, aliyeambiwa aende akaonwe na daktari, nyuma, naye alilala kabla hawajafika Bondo. Mafunzo yalifanyika katika ukumbi wa kanisa usio mbali na Kibuye, na kelele za soko ziliingia madirishani pamoja na vumbi. Palikuwa na wauguzi na matabibu ishirini na wanane kutoka pande zote za ziwa, kila mmoja na rundo la mazoezi yake. Dkt. Nelima alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, mwembamba, mwenye sauti isiyopandishwa. Matroni alikuwa amejiandaa kwa mzee mwenye ndevu. Alimsogelea wakati wa chai na kutaja jina lake.

"Beldina Awuor," daktari alisema. "Wa mashua. Haya, nani alimwona?"

"Hakuna, daktari."

"Ningefurahi ungeliandika hivyo tangu mwanzo. Lakini lile zoezi la pili nimelisoma kwa wenzangu Nairobi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupima pumzi kwa Baba Yetu." Akageuka. "Ndiye huyu? Bwana Oduor, keti hapa kwenye mwanga. Fumbua kinywa."

Wanafunzi wakazunguka. Oduor, aliyezoea kuwaambia wengine wafumbue vinywa, alifumbua chake. Daktari alikandamiza ulimi kwa kijiko na kuwaita waone mmoja mmoja. Mafindofindo yalikuwa makubwa kama mbegu za parachichi, yamekaribia kugusana.

"Hapo pana njia ya panya," alisema Dkt. Nelima, "na mtu mzima anataka kupitisha pumzi zake. Nitakuandikia yatolewe hapa Kisumu Jumatatu, tarehe tatu Julai. Hayataondoa yote. Utapunguza ugali wa usiku, utapunguza uzito. Na tangu leo usilale chali. Mtu hawezi kujizuia usingizini, kwa hiyo atie kitu kigumu mgongoni mwa nguo ya kulalia. Wazungu hutumia mpira mdogo. Ninyi huko kwenu mna nini?"

Oduor alifikiri. "Boya la wavu," alisema.

Wakicheka wote, daktari alisema litafaa kabisa. Walipotoka walipitia Kibuye, Matroni akachagua shati zito la mtumba lenye mgongo mzima, na nyumbani Amolo akashonea mfuko kati ya mabega, akatia boya alilopewa na Ochieng.

"Mambo yamegeuka," Oduor alimwambia Matroni siku tatu baadaye. "Ochieng alinikataza nisiushike wavu. Sasa ananivika."

"Umelalaje?"

"Amolo anasema amefika mkate wetu mara mbili tu. Mimi leo nimeona jua likichomoza, Sista, na sikulichukia."

Tarehe thelathini Halmashauri ilikutana katika chumba cha maktaba, watu saba, mwenyekiti akiwa Mchungaji Gordon, aliyekuwa mtu wa kupenda mambo yaishe kabla ya chakula. Alinyoosha mkono apokee barua.

"Hii ni ile ya kumwachisha Oduor?"

"Hapana, Mchungaji. Ni ya kumwombea likizo ya ugonjwa ya majuma mawili. Ile nyingine nimeichana."

Mchungaji aliisoma, akampa aliye kando yake. "Na kanuni? Umeishika kuliko sisi sote."

"Kanuni inabaki kama ilivyo. Mlegevu atafua. Bwana Oduor ni mgonjwa, na ugonjwa wake ulikuwa mbele ya macho yangu kila siku. Nilimhesabia dakika, sikumsikiliza pumzi. Nilitazama kalenda badala ya kumtazama mtu. Jumamosi mbili amefua pasipo haki."

Mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mmoja wa wajumbe, alisema kwa upole, "Lakini hukujua, Mama."

"Kujua kulikuwa kazi yangu."

"Basi unataka tukufanyie nini?" Mchungaji aliuliza.

"Msinifanyie kitu. Nawaarifu tu kwamba kesho na Jumamosi ya pili yake msinitafute ofisini. Nitakuwa ziwani."

Mjumbe mmoja alianza kusema kwamba haifai, cheo kina heshima yake. Mchungaji alimtazama Matroni usoni, akaona jambo ambalo lilimfanya ageuze ukurasa wa ajenda. "Likizo imekubaliwa," alisema. "Tuendelee."

Mzee Shitanda aliposikia hakuamini. Jumamosi ilipofika alimkuta Matroni kweli ametoka na beseni kichwani, gauni la kazi limekunjwa hadi magotini, viatu vya raba vimeachwa nyumbani. Akamkimbilia.

"Sista, lete. Mimi nafua, wewe kaa juu ya jiwe. Nani atajua?"

"Mashuka ni mangapi, Mzee Shitanda?"

"Thelathini na sita."

"Basi kaa."

Shitanda aliketi ukingoni mwa jiwe lake, na chai asiweze kuinywa. Alistahimili mashuka manne. La tano lilimshinda.

"Sista, samahani. Hapo pembeni pamebaki."

"Wapi?"

"Hapo, kwenye upindo. Damu ya chanjo haiondoki kwa kusuguliwa, huondoka kwa kulowekwa." Baada ya hapo chai ilishuka.

Wanawake wa omena hawakuwa na huruma ya Shitanda. "Matroni," mmoja aliita, "umekutwa umelala wapi?"

"Ofisini," Beldina Awuor alijibu pasipo kuinua kichwa, "nikiwa na miwani machoni." Kicheko kikaenda ufuko mzima, na hakikuwa kibaya.

Jumamosi ile alimaliza saa kumi za jioni, na Jumapili hakuweza kuinua kitabu cha nyimbo juu ya kiuno. Jumamosi ya pili alimaliza mapema zaidi, kwani alikwisha kujifunza kuloweka. Asubuhi hiyo Oduor alikuja. Alikuwa ametoka Kisumu siku mbili kabla, koo limefungwa kitambaa, na daktari alikuwa amemkataza kusema sana. Alisimama majini karibu naye, akashika pembe ya shuka lililokuwa likikamuliwa, kwa maana kukamua shuka peke yako ni shida. Lazima ulisokote mkononi na kulifinya kipande kwa kipande.

"Liachilie, Bwana Oduor."

"Kidogo tu, Sista," alisema kwa sauti ya mchanga.

"Wewe ulipofua, ni nani alikushikia?"

Oduor aliliachilia shuka. Akaenda akaketi juu ya jiwe, na Shitanda akasogea kumpa nafasi, akammiminia chai iliyopoa, ambayo ndiyo iliyomfaa. Jua likapanda, likapita vichwani, upepo wa ziwa ukaja na harufu ya samaki wanaokauka. Wale wawili walikaa hapo asubuhi nzima na sehemu ya mchana, Shitanda akisema na Oduor akiitikia kwa kichwa, macho yake mawili wazi juu ya maji.

Saa nane Matroni alilikamua shuka la mwisho, akalitandaza juu ya majani pamoja na mengine. Shitanda aliteremka akayapitia kwa kidole, kama afanyavyo kila mara, hadi mwisho wa safu.

"Thelathini na sita," alisema. "Yametimia."

Matroni aliikunjua mikono yake iliyokunjamana kwa maji, akajifuta, akamgeukia Oduor. "Yale ya Aprili na haya ya Mei. Una dai lingine kwangu?"

"Sina, Sista."

"Haya," alisema, akainama kuliokota beseni. "Likizo yako inakwisha Jumapili ya wiki ijayo. Jumatatu uko zamu ya asubuhi."